Taylor K-2006: kile kiboksi cha kupimia maji ndo kimeokoa bwawa letu lililokuwa jeupe kama tui

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wenye nyumba za wageni huku pwani, na kwa yeyote mwenye bwawa ambalo kila asubuhi akiamka analikuta halionyeshi chini. Sisi tuko Jambiani, Unguja, nyumba ndogo ya vyumba nane, ni ya ami yangu na mi ndo nasimamia kila kitu kuanzia mashuka mpaka bwawa. Bwawa letu ni mita 10 kwa 5, upande wa watoto kina ni mita 1.2 na mwisho kule ni 1.8, ukipiga wastani ni mita moja na nusu kwa hiyo maji ni mita za ujazo 75, yani lita elfu 75. Hii 75 ishikeni maana ntairudia sana. Na kama hujui bwawa lako lina lita ngapi basi kachukue futi kamba leo hii kabla hujanunua dawa yoyote, sisi tulikaa mwaka na zaidi bila kujua na mafundi waliokuja wote hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Nnachokipitia hapa ni kiboksi cha kupimia maji kinaitwa Taylor K-2006, kinatengenezwa Marekani, ni kiboksi cha plastiki cha bluu chenye chupa ndogo ndogo za matone, unga kidogo na vijikopo vya kupimia. Mtoto wa mama mdogo anaishi huko akaniletea kwenye begi lake la chini. Hakikuwa rahisi, pesa yake ilikuwa karibu sawa na ndoo mbili za vidonge vya klorini za kilo 5, na ami aliponiuliza kwanini tununue kitu cha kupimia badala ya dawa yenyewe sikuwa na jibu la kumridhisha. Sasa ninalo.

Nianze na maji yalivyokuwa. Kabla ya masika bwawa lilianza kufifia, sio kijani, hapana, jeupe. Mwanzo ilikuwa kama ukungu mwembamba unaouona jioni taa za ndani zikiwashwa, wiki ya pili ikawa kama maji ya kuoshea mchele, wiki ya tatu tui kabisa, tui la pili lile jepesi, ukisimama kwenye ukingo huoni hata lile tundu la chini la kunyonyea maji. Na harufu kali ya klorini juu yake, watoto wanatoka macho mekundu, kila mtu anasema dawa imezidi. Fundi aliyekuwa anatuhudumia wakati ule alikuwa anakuja na vile vijikaratasi vya kuchovya, anachovya, anaangalia rangi, anasema klorini ipo, pH (kipimo cha maji kuwa na asidi au la) imeshuka, anamwaga soda ash, ule unga wa kupandisha pH, kilo tatu nne kwa mkupuo mmoja. Baada ya saa moja maji yanazidi kuwa meupe. Wiki inayofuata anakuja na mrututu anasema ni kinga ya mwani. Wiki nyingine anakuja na shabu, lile jiwe la kusafishia maji, akaimwaga huku pampu inasukuma maji kwenye filta kama kawaida, mshale wa geji ya presha ya filta ukapanda na maji yanayorudi bwawani yakawa yanachuruzika tu. Mgeni mmoja mwenye nywele za rangi ya dhahabu akaondoka zina ukijani, akaambiwa ni klorini. Sio klorini jamani, ni shaba, mrututu ni shaba ndani yake na ndo inayoshika kwenye nywele za namna hiyo.

Kilichonifanya nisimame niseme basi ni siku familia moja ilipokuja kupumzika, mtoto wa miaka sita hivi akachupa kule kwenye kina, na kwa muda wa kama pumzi tatu hatukumuona. Aliibuka mwenyewe anacheka. Mi miguu iliisha nguvu. Nikafunga bwawa siku ileile, nikaweka kamba na kibao, na nikamwambia ami halifunguliwi mpaka nione kigae cha chini kabisa. Na hili nalisema kwa kila mtu, kama huoni tundu la chini usimruhusu mtu kuingia, hata mgeni akilalamika vipi, mtu akizama kwenye maji ya namna ile unaweza ukapita pembeni yake usijue.

Sasa kiboksi. Ndani yake unaweza kupima vitu vitano muhimu, klorini (ile huru inayofanya kazi na ile iliyochoka), pH, alkalini (inayoizuia pH isiyumbe), ugumu wa kalsiamu yaani chokaa, na sianuriki yaani stabilaiza, ile inayoikinga klorini na jua. Tofauti kubwa na vijikaratasi ni kwamba vingi unahesabu matone, hulinganishi rangi. Kwa klorini unachukua maji mililita 10, unatia vijiko viwili vidogo vya unga, maji yanageuka pinki, halafu unadondosha tone moja moja huku unatikisa mpaka pinki ipotee ghafla, kila tone ni nusu ppm, yani nusu gramu kwa kila lita elfu moja za maji. Ukitaka kupima kwa makini zaidi unachukua mililita 25 na kila tone linakuwa 0.2. Hakuna kubishana hii ni waridi au ni waridi iliyokolea, ni pinki au ni maji matupu basi. Halafu unaongeza matone matano ya chupa nyingine, pinki ikirudi hiyo ndo klorini iliyochoka, ile iliyoshikana na jasho na mkojo na mafuta ya ngozi, na unaihesabu vilevile. Hiyo iliyochoka ndo inayotoa ile harufu kali na kuchoma macho! Kwa hiyo bwawa linalonuka klorini mara nyingi lina upungufu wa klorini nzuri, sio kwamba imezidi, na mi nilikuwa nimeamini kinyume chake maisha yangu yote.

Niliyoyakuta siku ya kwanza niliandika kwenye daftari na bado ninalo. Klorini huru 2.5, iliyochoka 1.5, ambayo ni nyingi mno, inatakiwa isizidi nusu. pH ilikuwa 8 au zaidi, kile kifaa cha kulinganishia kinaishia 8. Alkalini 180. Kalsiamu 520. Sianuriki sikuweza kuisoma mara ya kwanza, maana kipimo chake ni kichupa kirefu chenye doa jeusi chini, unachanganya maji na dawa nusu kwa nusu yanakuwa na ukungu, unamimina taratibu huku unachungulia kutoka juu mpaka doa lisionekane tena na hapo ndo unasoma namba, sasa langu lilipotea kabla hata sijafika kwenye mstari wa 100. Ikabidi nichanganye maji ya bwawa na maji ya chupa sawa kwa sawa nipime tena, ikasoma 80, mara mbili yake 160. Inayotakiwa ni 30 mpaka 50.

Hapo ndo nilipokaa chini nikaelewa mwaka mzima uliopita. Vile vidonge vyeupe vikubwa vinavyowekwa kwenye boya au kwenye skima (lile tundu la ukingoni linalovuta maji ya juu), vile vya trikloro, vimetengenezwa klorini na sianuriki pamoja. Kila vikikupa klorini 10 ppm vinakuachia sianuriki 6 ppm. Klorini inaliwa na jua na uchafu inaisha, sianuriki haiendi popote, jua haliili, filta haiikamati, maji yakikauka yenyewe inabaki. Na hapa kwetu jua lilivyo bwawa linakula klorini hata 3 kwa siku, piga hesabu mwenyewe ni karibu sianuriki 2 kila siku, kwa mwezi zaidi ya 50, mvua na bakiwoshi (kuosha filta kwa kurudisha maji nyuma na kuyamwaga nje) ndo vilikuwa vinatupunguzia kidogo. Sianuriki kidogo ni nzuri tena lazima kwa bwawa lililo wazi, bila hiyo jua la saa sita linaweza kula zaidi ya nusu ya klorini ndani ya saa moja. Lakini ikizidi inaishikilia klorini isifanye kazi. Kanuni niliyoikuta na ninayoifuata ni kwamba klorini huru isishuke chini ya kama asilimia 7.5 ya sianuriki, kwa hiyo kwenye 160 nilitakiwa niwe na 12 na sisi tulikuwa na 2.5 tunajiona tuko sawa kwasababu kijikaratasi kinasema rangi ya katikati ni OK. Mwani ulikuwa unaota taratibu humo ndani, bado haujawa kijani wa kuonekana.

Huo ni ugonjwa mmoja. Wa pili ni chokaa. Unguja hii kisiwa ni mawe ya matumbawe, maji ya kisima cha kuchimba yamepita humo kwenye chokaa, nilipopima ya kwetu yalikuwa kalsiamu 430, na kila siku upepo na jua vinakausha maji ya bwawa chokaa inabaki halafu tunajazia tena na hayohayo ya kisima. Maji magumu namna hiyo ukiyamwagia soda ash kilo nne pH inaruka juu na chokaa inajitenga palepale inaelea, ndo lile tui. Yani fundi alikuwa anatengeneza weupe kwa mikono yake huku anatutoza pesa ya kuuondoa, na sidhani alifanya kwa ubaya, hakuwa na namna ya kujua kwasababu kijikaratasi chake kilikuwa hakisomi ugumu wa maji kabisa na hizi rangi zake unyevu wa pwani ulishaziharibu.

Ntawapa kipimo ambacho hakihitaji kiboksi chochote, nakipenda sana. Chukua glasi ya kioo ujaze maji ya bwawa, tia siki kijiko kimoja au viwili, koroga. Maji yakisafika hapohapo basi ulichonacho ni chokaa. Yakibaki vilevile ni mwani au uchafu mwingine. Yangu yalisafika sana lakini sio yote, yakabaki na ukungu mwembamba wenye rangi kama ya majani, nikajua ninayo yote mawili.

Sasa matibabu, na hapa ndo kiboksi kilipojilipa. Sianuriki dawa yake ni moja tu kwa uhakika, kumwaga maji na kuweka mengine. Ukimwaga nusu inabaki nusu. 160 inakuwa 80, ukimwaga nusu tena inakuwa 40. Lakini angalieni msimwage bwawa lote likawa tupu kama mko karibu na bahari, maji ya chini ya ardhi yanaweza kulisukuma juu likapasuka, na huku kwetu maji ya ardhini yanapanda na kushuka na bahari. Nilisubiri siku za maji mafu, sio za bamvua, nikamwaga nusu tu, nikajaza na maboza manne ya lita elfu kumi yaliyobaki nikayaweka kwenye tangi. Boza nililipima kabla halijamwaga, dereva alinishangaa lakini akasubiri, kalsiamu 210, nikasema mimina. Mara ya pili ilikuwa masika imeshika kweli na tangi letu la mvua la paa la makuti na bati limejaa, maji ya mvua karibu hayana chokaa wala sianuriki, nikachanganya na boza. Mwisho wake nikapima: sianuriki 40, kalsiamu 240. Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo kuona doa jeusi linachelewa kupotea.

Kipimo cha kalsiamu kilinisumbua siku ya kwanza, inatakiwa rangi itoke nyekundu iende bluu safi, yangu ikaganda kwenye zambarau haiendi mbele hairudi nyuma. Ni ule mrututu, shaba inaingilia. Dawa yake ni kutanguliza matone matano sita ya ile chupa ya mwisho, ile unayohesabu matone yake, kabla ya kuanza, halafu unayajumlisha kwenye hesabu yako. Nimeandika hapa kwasababu najua mabwawa mengi huku yameshatiwa mrututu na mtu anaweza akadhani kiboksi ni kibovu.

Baada ya hapo pH. Kuna matone ya kupima asidi inayohitajika, unadondosha kwenye yale maji ya pH mpaka rangi ifike unapotaka halafu jedwali linakuambia utie asidi kiasi gani kwa ukubwa wa bwawa lako. Niliishusha mpaka 7.2. Asidi natia kwenye ndoo yenye maji tayari, asidi ndo inaingia kwenye maji, usije ukafanya kinyume inaruka usoni, na namwaga upande wa kina pampu ikiwa inazunguka. Pima pH kabla ya kupandisha klorini sana, klorini ikishapita 10 ile dawa nyekundu ya pH inadanganya inaenda zambarau utadhani iko juu.

Vidonge nikaviacha. Unga wa klorini, ule wa kalsiamu wa asilimia 65, pia sikuutaka kwa kazi hii, unaongeza kalsiamu kama 7 kwa kila klorini 10 na mi nimetoka kumwaga pesa kupunguza kalsiamu. Nikanunua klorini ya maji kwenye madumu ya lita 20. Hesabu yake ni rahisi ukishajua ile 75: kupandisha 1 ppm unahitaji gramu 75 za klorini, kwenye dumu la asilimia 10 ni mililita 750. (Kwa unga wa 65 ingekuwa kama gramu 115.) Ili kuua mwani ukiwa na sianuriki 40 unaipandisha mpaka 16 na unaishikilia hapohapo. Mi nilikuwa na 1, nikahitaji 15, ni lita 11 na robo. Nikamwaga, nikasubiri nusu saa maji yazunguke, nikapima nikapata 13.5. Hazikufika! Nikapiga hesabu kurudi nyuma nikakuta lile dumu lina nguvu ya kama asilimia 8 tu, lilikaa dukani kwenye joto. Nikarudi dukani na daftari langu, muuzaji, mzee mstaarabu sana, akasoma akaniambia mwanangu hujakosea, hayo ya juani sikupi tena nitakupa ya ndani. Toka siku ile ananiwekea yaliyoingia karibuni. Vijikaratasi visingeweza kuniambia hivyo, na hata vile vipimo vya kulinganisha pinki klorini ikizidi sana inaifuta rangi yenyewe maji yanabaki bila rangi unadhani huna klorini kabisa, unaongeza nyingine. Hiki cha matone hakina shida hiyo.

Siku nne nilipima asubuhi, mchana na magharibi, kila ikishuka naipandisha 16. Na kuna kipimo kimoja cha usiku ambacho kwangu ndo hakimu: unapima jua likishazama, unapima tena alfajiri kabla jua halijatoka, humo katikati hakuna jua kwa hiyo klorini iliyopotea imeliwa na mwani au uchafu mwingine. Usiku wa kwanza ilipotea 6. Wa pili 3 na nusu. Wa tatu 1.5. Wa nne nusu tu, na ile iliyochoka ilikuwa nusu pia, harufu imekwisha kabisa, unainama juu ya maji hunusi kitu. Mwani umekufa.

Lakini maji bado yalikuwa na ukungu wa maiti zake, na filta haifanyi kazi vizuri. Tukaifungua mi na kijana wa bustani. Ile shabu iliyomwagwa kipindi kile ilikuwa imeugandisha mchanga mabonge mabonge, maji yanapita pembeni tu. Tukayavunja, tukaosha kwa mpira mpaka maji ya juu yakatoka safi, tukafunga. Geji ikarudi 12, sa hizi ikifika 20 tunabakiwoshi halafu tunasuuza, hatubakiwoshi kila siku kama zamani maana mchanga wenye uchafu kidogo unachuja vizuri kuliko uliosafishwa sasa hivi. Pampu yetu inasukuma kama mita za ujazo 10 kwa saa, kuzungusha bwawa zima ni saa saba na nusu, tuliiacha ikazunguka siku mbili mfululizo na umeme tukaulipia, hakukuwa na njia ya mkato.

Na shabu nikaitumia mwishoni, safari hii ipasavyo. Sina ugomvi nayo, bibi zetu wameitumia kwenye mitungi toka zamani na inafanya kazi ileile, inakusanya vumbi dogo dogo linakuwa mabonge yanazama. Kilo 3 kwa bwawa langu, nimeiyeyusha kwenye ndoo, valvu nimeiweka kwenye mzunguko usiopita kwenye mchanga, saa mbili, halafu pampu nikazima na hakuna aliyegusa maji usiku kucha. Inashusha alkalini, mi ilishuka kama 20, kwa hiyo lazima upime kabla na baada. Asubuhi baada ya sala nikatoka na tochi sikuihitaji, vumbi lote limelala chini kama unga wa muhogo uliomwagika sakafuni na juu yake maji hayaonekani kwa usafi. Tukalivuta kwa vakyumu polepole mno, valvu iko kwenye kumwaga nje, tukapoteza kama sentimita 10 za maji yaani lita elfu 5, zikaenda nje na taka zake. Nikatupa sarafu ya shilingi 200 kwenye kina cha mita 1.8 nikaiona imelala upande wa simba. Nikamwita ami aje aone. Alikaa kwenye ukingo muda mrefu hajasema kitu, halafu akauliza vile vichupa vinaisha lini na vinanunuliwa wapi.

Na hilo ndo lalamiko langu la kwanza, vichupa. Dawa za kujazia sijaziona zinauzwa Unguja, naagiza na zinasubiri msafiri. Dawa ya sianuriki hasa ni chupa ndogo na kila kipimo kinakunywa nyingi, kwa hiyo naipima mara moja kwa mwezi tu au baada ya mvua kubwa. Dawa zinazeeka, mi naandika tarehe niliyofungua kwenye kila chupa na mwaka ukipita naagiza nyingine. Zikae ndani ya nyumba kwenye kabati, msiziweke kwenye chumba cha pampu kwenye joto na mvuke wa asidi zitaharibika haraka sana. Maelekezo ni Kiingereza kitupu, nimeandika ya Kiswahili kwa mkono nikapiga lamination nikabandika ndani ya kabati, na kijana wa bustani ambaye hakumaliza skuli sa hizi anapima klorini kwa makini kunizidi. Kutikisa kwa mkono huku unadondosha kunachosha kwenye kalsiamu yenye matone mengi. Na kile cha doa jeusi kinategemea macho ya mtu, mi na kijana tunapishana hata 10, kwa hiyo anapima mtu mmoja siku zote, nje, jua liko mgongoni, kichupa usawa wa kiuno.

Kama bwawa lako ni lile la plastiki la kupuliza la watoto usijisumbue, mwaga maji weka mengine. Lakini kama una lita elfu 20 kwenda juu na unategemea wageni, mi nasema kinunue kabla ya ndoo nyingine ya vidonge. Tulichokuwa tunatumia kwa mwezi kwenye klarifaya (dawa ya kung'arisha maji), mrututu, kinga ya mwani na soda ash vyote vimefutika, sa hizi tunanunua klorini ya maji, asidi kidogo, na baikaboneti ile ile ya mandazi ila ya gunia, pale alkalini inaposhuka chini ya 80. Mahesabu ya baikaboneti ni kilo 1 na robo kwa kila 10 ppm kwenye maji yangu.

Jambo moja ambalo halihusu kiboksi ila siwezi kuliacha. Tulipokuwa tunasafisha chumba cha dawa tulikuta ndoo ya vidonge na ndoo ya unga wa klorini zimewekwa pamoja na kijiko kimoja kinatumika kote kuwili. Vidonge vya trikloro na unga wa kalsiamu vikikutana vinaweza kuwaka moto au kulipuka, hata vumbi tu kwenye kijiko chenye unyevu. Na asidi ikikutana na aina yoyote ya klorini inatoa gesi ya kuua. Kila kitu kiwe na sehemu yake na kijiko chake kikavu, na mlango uwe na kufuli kama kuna watoto.

Nyota nakipa nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu imekatwa na vichupa kutopatikana huku. Leo asubuhi, mwezi wa nne toka tulifungue tena, klorini 5, iliyochoka sifuri, pH 7.5, alkalini 90, kalsiamu 290 (inapanda taratibu tukijazia ya kisima, naiangalia), sianuriki 40. Kuna mtu anakuja toka Marekani mwezi ujao na nimeshamuomba aniletee chupa mbili za dawa ya sianuriki na unga wa klorini wa kupimia, kama kuna mwenzangu wa Paje, Bwejuu au Makunduchi naye anahitaji aniambie mapema tuagize pamoja.